Daftari la Padre wa Morebath: Maneno Machache juu ya Kazi ya Profesa Eamon Duffy

Watu wengi wakilisikia neno historia hufikiri mara moja habari za wafalme na vita vyao. Ukimwuliza mwanafunzi jinsi Kanisa la Uingereza lilivyotengana na Roma, atakujibu ya kuwa Mfalme Henry wa Nane alitaka kumwacha mkewe, Papa akamkatalia, na mwaka 1534 Bunge likamtangaza mfalme kuwa mkuu wa Kanisa katika nchi yake. Jibu hilo si la uongo, walakini si jibu kamili. Maana Kanisa si mfalme peke yake, wala si maaskofu peke yao. Kanisa ni watu wote waliokuja kusali siku ya Bwana kwa miguu yao, wenye kulima na kuchunga, wenye kuoa na kuzika. Je, hao walisemaje? Walifurahi, ama walilia? Walitii kwa moyo, ama kwa hofu? Mtu aliyetumia maisha yake ya ualimu katika kuliuliza swali hili ni Profesa Eamon Duffy, na hapa nataka kuipima kazi yake: faida yake ni nini, na upungufu wake ni upi.

Duffy alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Dundalk, nchi ya Ayalandi, akalelewa katika Kanisa Katoliki. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Hull, kisha Cambridge, na huko Cambridge ndiko alikofundisha kwa miaka mingi, akiwa mmoja wa wakuu wa elimu katika Magdalene College, hata akafanywa Profesa wa Historia ya Ukristo. Ameandika vitabu vingi, na kimojawapo ni habari za Mapapa wote tangu Mtume Petro. Lakini shamba lake hasa, alilolilima kuliko mengine yote, ni miaka ile ya mwisho wa Zama za Kati na mwanzo wa zama zilizofuata, tangu mwaka 1400 hivi hata mwaka 1580.

Ili kuifahamu kazi hiyo yatupasa kwanza kujua waliomtangulia walifundisha nini. Mwaka 1964 mwalimu mmoja mkubwa, A. G. Dickens, alitoa kitabu juu ya Matengenezo ya Kanisa katika Uingereza, na kwa muda mrefu kitabu hicho kilisomwa na wanafunzi wengi. Fundisho lake, kwa ufupi, ni kwamba dini ya kale ilikuwa imekwisha dhoofika. Watu walikuwa wamechoshwa na mapadre, na walikuwa tayari kulipokea Neno la Mungu katika lugha yao. Kwa maneno mengine, mti ulikuwa umekwisha oza, na upepo ulipovuma ukaanguka.

Duffy hakukubali. Mwaka 1992 alitoa kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 600, kiitwacho The Stripping of the Altars, yaani kuvuliwa kwa madhabahu. Sehemu yake ya kwanza yaeleza jinsi watu wa kawaida walivyoishi dini yao kabla ya mageuzi: sikukuu zao, mifungo yao, sala zao kwa watakatifu, na jinsi walivyowaombea wafu wao. Sehemu ya pili yaeleza jinsi mambo hayo yalivyoondolewa moja baada ya jingine, kwa amri za serikali. Hoja yake ni hii: mti haukuwa umeoza, bali ulikuwa mzima na wenye majani, nao ukakatwa kwa shoka.

Sasa, mtu aweza kusema lo lote. Mwenye historia hupimwa kwa mashahidi wake, na hapa ndipo ulipo uhodari wa Duffy. Hakuridhika na maneno ya maaskofu na mabalozi. Alisoma wosia za watu waliokuwa karibu kufa, akaona ni taa gani waliyotaka iwashwe kanisani kwa ajili ya roho zao. Alitazama picha zilizochorwa juu ya viambaza vya mbao katika makanisa ya vijijini, akasoma majina ya wanakijiji waliotoa fedha ili zichorwe. Alipekua madaftari ya hesabu ya wazee wa kanisa, akaona nani aliyetoa kondoo na nani aliyetoa nta. Mtu hadanganyi kwa urahisi anapotoa mali yake. Ikiwa wanakijiji walikuwa wakijenga na kuyapamba makanisa yao hata karibu na siku ile amri zilipokuja, twawezaje kusema kwamba walikuwa wameichoka dini yao?

Katika kitabu kingine, Marking the Hours, kilichotoka mwaka 2006, alivichungua vitabu vya sala ambavyo watu walikuwa navyo nyumbani. Hakutazama tu yaliyopigwa chapa humo, bali na yale yaliyoandikwa pembeni kwa mkono: siku ya kuzaliwa mtoto, siku ya kufa baba, ombi dogo la mtu mwenye taabu. Katika vitabu vingine jina la Papa limekwanguliwa, na jina la Mtakatifu Thomas wa Canterbury limefutwa, kwa sababu mwaka 1538 mfalme aliamuru lifutwe. Nani asiyeona uchungu wa jambo hilo? Hapo mkono wa serikali umeingia hata katika kitabu cha sala kilichowekwa karibu na kitanda. Nasi tunaoandika majina ya watoto wetu katika kurasa za mwanzo za Biblia ya nyumbani, twaweza kufahamu vema kwa nini mtu huyu alizipa kurasa hizo heshima ya ushahidi.

Lakini kitabu ninachokiona kuwa bora kuliko vyote alivyoandika ni kile kidogo cha mwaka 2001, The Voices of Morebath, maana yake sauti za Morebath. Morebath ni kijiji katika jimbo la Devon, upande wa magharibi wa Uingereza, penye vilima na mvua nyingi. Katika karne ya 16 kaya zake zilikuwa 33 tu. Hapakuwa na mtu mkubwa wala jambo la ajabu. Kijiji hiki kinajulikana leo kwa sababu moja tu: padre wake, Christopher Trychay, alikuwa mtu wa kuandika. Alifika huko mwaka 1520, akakaa hata kufa kwake mwaka 1574, yaani miaka 54, naye ndiye aliyeandika daftari la hesabu za kanisa na kuwasomea watu kwa sauti kila mwaka.

Hesabu zenyewe zilikuwa za kondoo. Kanisa lilikuwa na mifuko kadha wa kadha, kila mmoja na kazi yake: mfuko wa Mtakatifu George, wa Bikira Maria, wa vijana wanaume, wa wanawali, na mingineyo. Mali ya baadhi ya mifuko hiyo ilikuwa kondoo, nao walichungwa pamoja na kondoo za watu, huyu mmoja na yule mmoja. Sufu ilipouzwa fedha ilikwenda katika mfuko, na kwa fedha hiyo taa zikawashwa mbele ya sanamu. Wazee walioangalia mifuko walibadilishwa, hata karibu kila nyumba ikapata zamu, na wanawake nao walipata kuwa wazee wa kanisa. Basi katika kijiji hicho karibu kila mtu alijua maana ya kutunza mali ya wengine na kutoa hesabu yake mbele ya watu.

Wala Duffy hasemi kwamba walikuwa malaika. Daftari latuonyesha ugomvi wa miaka mingi juu ya mshahara wa karani wa kanisa, maana wengine walikataa kutoa fungu lao. Lakini latuonyesha pia kwamba mwaka 1534 mwivi alipopanda kwa ngazi, akaingia kanisani na kuiba kikombe cha Komunyo, vijana wanaume na wanawali wa kijiji walikusanyana wenyewe, wakachanga, wakanunua kikombe kingine bila kuwatoza wazee wao kitu. Padre Trychay aliliandika jambo hilo kwa furaha, na furaha yake yaonekana hata leo.

Ndipo yakaja mageuzi. Kwa muda wa miaka ipatayo 20 Trychay alikuwa akiweka akiba, kidogo kidogo, ili anunue mavazi meusi ya ibada ya kuwaombea wafu. Aliyapata mwaka 1547. Mwaka huo huo Mfalme Henry akafa, akatawala mwanawe Edward, aliyekuwa mtoto wa miaka tisa, na washauri wake wakaanza kuondoa yote ambayo mavazi yale yalitengenezwa kwa ajili yake. Sanamu zikatolewa, taa zikazimwa, kondoo za kanisa zikauzwa, mifuko ikavunjwa. Wahenga wetu walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Lakini hapa nyasi hazikuumia tu, ziling'olewa pamoja na udongo wake.

Siku ya Pentekoste, tarehe 9 Juni mwaka 1549, Kitabu cha Sala kwa lugha ya Kiingereza kiliamriwa kutumika katika makanisa yote. Kesho yake watu wa kijiji cha Sampford Courtenay, katika jimbo lilo hilo la Devon, walimlazimisha padre wao kusoma Misa ya zamani. Moto ukaenea. Jeshi la wanakijiji likauzingira mji wa Exeter tangu tarehe 2 Julai hata tarehe 6 Agosti, na majeshi ya mfalme yalipokuja maelfu ya watu wakauawa. Je, watu wa Morebath walikuwamo? Kwa muda mrefu hapana aliyejua. Daftari la Trychay lilikuwa limepigwa chapa mwaka 1904, lakini aliyelichapa alikosea kusoma maneno machache yenye mwandiko mgumu. Duffy aliusoma mwandiko wenyewe, akaona kwamba kijiji kilitoa fedha na silaha kuwapeleka vijana watano katika kambi iliyokuwa nje ya Exeter. Waasi! Na gharama zao zimeandikwa kwa utaratibu katika hesabu za kanisa, kana kwamba ni bei ya nta. Kama mtu akiniuliza kazi ya mwenye historia ni nini, nitamwonyesha mstari huo mmoja: kusoma tena kwa saburi neno ambalo wengine wamelipita, hata watu watano waliosahauliwa wapate kuhesabiwa.

Sifa hizo zatosha. Sasa niseme na upungufu. Wahenga walisema, mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Duffy ni Mkatoliki, naye hajificha, wala si kosa mtu kuwa na imani yake. Lakini twaiona ngozi ikivutwa. Katika kitabu chake kikubwa wale waliolipokea Neno kwa furaha wamepewa nafasi ndogo mno. Agano Jipya la Kiingereza la William Tyndale lilipigwa chapa mwaka 1526 ng'ambo ya bahari na kuingizwa nchini kwa siri. Watu walilinunua kwa kuhatarisha maisha yao. Hao nao walikuwa Waingereza, na wengi wao walikuwa wafumaji na mafundi, si wafalme. Duffy atuonyesha vema sana kile kilichopotea, lakini akilifunga msomaji kitabu chake bado anajiuliza: ikiwa dini ya kale ilikuwa na nguvu hivyo, kwa nini baada ya miaka 40 wajukuu wa watu wale wale walikipenda Kitabu cha Sala kana kwamba ni mali ya babu zao? Amri na shoka haviwezi kuwa jibu zima. Shoka laweza kukata mti, lakini haliwezi kupanda mwingine.

Na hata daftari la Morebath, ijapokuwa ni zuri, lina mpaka wake. Kitabu chaitwa sauti, lakini mkono ulioandika ni mmoja, nao ni mkono wa padre. Duffy mwenyewe amelitambua jambo hilo. Tena daftari la hesabu huandika yale ambayo watu waliyalipa kwa pamoja; haliandiki aliyoyawaza mtu mmoja usiku peke yake. Katika siku za Malkia Mary, aliyeirudisha dini ya kale baada ya Edward, mwanamke mmoja wa Cornwall, jimbo jirani la Devon, jina lake Agnes Prest, alichomwa moto huko Exeter kwa sababu ya imani yake ya Kiprotestanti. Alikuwa mwanamke maskini, na mumewe na watoto wake hawakukubaliana naye. Habari zake tunazo kwa sababu John Foxe alizitia katika kitabu chake cha mashahidi. Mtu kama huyo katika daftari la kijiji chake asingeonekana, ila labda kama fungu ambalo halikulipwa. Kwa hiyo yeye asemaye kwamba amewasikia wanakijiji kwa kusoma hesabu zao, amewasikia kweli. Lakini amewasikia wale waliokubaliana.

Jambo hili lina uzito zaidi katika kitabu chake cha mwaka 2009, Fires of Faith. Humo ataka kuonyesha kwamba Kanisa la siku za Malkia Mary lilikuwa na mpango mwema, wahubiri hodari, na nguvu ya kufaulu, kama malkia asingalikufa mapema. Yawezekana. Lakini katika miaka ile tangu 1555 hata 1558 watu wapatao 280 walichomwa moto. Duffy hasemi kwamba ni vema. Asema tu kwamba kwa kipimo cha nyakati zile mateso hayo yalikuwa na matokeo. Mimi naona hapo mizani yake imeinama. Yeye aliyetufundisha kulia kwa ajili ya taa iliyozimwa mbele ya sanamu, alipaswa kulia zaidi mbele ya mwanamke aliyechomwa. Kama watu wadogo ndio mashahidi wa historia, basi wawe mashahidi wote, wa upande huu na wa upande ule.

Lakini turudi kwa Padre Trychay, maana yeye ndiye anayetuachia swali lililo gumu kuliko yote. Alihudumu chini ya Henry, na Edward, na Mary, na Elizabeth. Alisoma Misa kwa Kilatini, kisha Kitabu cha Sala kwa Kiingereza, kisha Misa tena, kisha Kitabu cha Sala tena. Katika siku za Mary alifurahi watu walipovirudisha kanisani vitu walivyokuwa wameviweka majumbani. Katika siku za Elizabeth akaviacha tena. Je, huyu alikuwa mwoga? Wengine watasema hivyo. Duffy hamwiti mwoga. Amwona kama mchungaji ambaye imani yake ilifungamana na mahali pamoja na watu fulani, hata asiweze kuwaacha. Mimi nakubali nusu ya neno hilo. Padre aliyekaa ndiye aliyebatiza watoto na kuzika wazee kwa miaka 54, na kama angaliondoka wangalipata mgeni asiyewajua. Lakini kukaa kwake kulikuwa na bei, na bei hiyo Agnes Prest hakukubali kuilipa. Kanisa lawahitaji wote wawili, yeye akaaye na yeye akataaye. Historia iliyo ya haki haimdharau mmoja ili imtukuze mwenzake.

Msomaji aweza kusema: hayo ni mambo ya Wazungu wa zamani, yatufaa nini? Yatufaa, kwa maana ugomvi ule ulivuka bahari pamoja na waliotuletea Injili. Mwezi wa Juni mwaka 1913, wamisionari wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, katika nchi iitwayo sasa Kenya, kutafuta umoja, na mwisho wa mkutano wakala Komunyo pamoja. Askofu Frank Weston wa Unguja alikasirika, akawashitaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Walichobishania ni jambo lile lile: je, Kanisa la Uingereza liliacha dini ya kale mwaka ule wa mageuzi, ama liliendelea nayo? Wakristo wa Kiafrika waliokuwako siku hizo hawakuulizwa sana maoni yao, kama vile watu wa Morebath hawakuulizwa. Kwa hiyo ni vema tujue kwamba tulirithi imani, na pamoja na imani tukarithi mashauri ya watu wengine yasiyokwisha. Ajuaye asili ya shauri aweza kulipima. Asiyejua hulibeba tu kichwani kama mzigo uliofungwa na mtu mwingine.

Iko na faida ya pili, nayo ni ya kila siku. Katika mitaa yetu yako madaftari: ya ubatizo, ya ndoa, ya sadaka, ya baraza la wazee. Mali bila daftari hupotea bila habari, ndivyo tusemavyo. Na si mali tu, hata watu hupotea. Madaftari mengi yameliwa na mchwa, na mengine yameandikwa kwa namba tupu: sadaka kiasi hiki, matumizi kiasi hiki. Trychay aliandika zaidi. Aliandika ni nani aliyeleta kondoo, ni nani aliyekataa kulipa na kwa sababu gani, ni nani waliochanga wakanunua kikombe. Kama karani wa mtaa akiongeza mstari mmoja tu chini ya hesabu, kwa mfano: mwaka huu mvua haikunyesha, sadaka ya mahindi ilipungua, lakini akina mama walichanga wakaezeka nyumba ya mjane, basi amemwandikia mtu atakayekuja baada ya miaka mia nne. Na tuandike magomvi pia, kwa adabu na kwa haki, pamoja na neno la yule aliyeshindwa katika baraza. Maana hilo ndilo lililokosekana katika daftari la Morebath.

Basi hukumu yangu juu ya Profesa Duffy ni hii. Katika mizani ya madhehebu amelalia upande wake, na msomaji mwenye busara atasoma na kitabu cha mtu wa upande wa pili. Lakini katika jambo lililo kubwa zaidi amesimama wima: amefundisha kwamba mwenye kaya katika kijiji cha kaya 33, mwenye kondoo mmoja wa kanisa katika zizi lake, ni mtu wa kuhesabiwa katika historia sawasawa na mfalme. Kwa fundisho hilo pekee kazi yake yastahili kusomwa, na waalimu wetu wenye kujua Kiingereza wangefanya vema kuwaeleza wanafunzi wao habari za Morebath siku ile wanapofundisha habari za Mfalme Henry.